Naomba ushauri: historia ya kweli kwa watoto, mashahidi wakigongana nifanyeje?

Habari zenu wapendwa. Nipo Kisumu, nina miradi miwili ya vitabu kwa wasomaji wa miaka 10 hadi 13. Wa kwanza ni reli, kutoka Mombasa 1896 hadi ilipofika hapa, enzi hizo Port Florence, Desemba 1901. Huo unakwenda vizuri. Wa pili ni upinzani wa Wanandi dhidi ya Waingereza, hadi kiongozi wa Wanandi, Koitalel arap Samoei, alipouawa tarehe 19 Oktoba 1905, na hapo ndipo nimekwama.

Watu wamekutana kwa mazungumzo, mkono unanyooshwa, risasi inalia. Meinertzhagen, afisa wa jeshi la Waingereza aliyefyatua, alidai kwamba yeye ndiye aliyeshambuliwa; simulizi za Wanandi zinasema ulikuwa mtego. Maandishi yake ni rahisi kupata, ila watafiti wameshatilia shaka shajara zake. Nikimfuata mwenye kalamu peke yake, mtoto atameza utetezi wa muuaji akidhani ndiyo historia. Nikichanganya kauli zote mbili ndani ya aya moja, anapotea.

Nafikiria kurasa mbili zinazotazamana, kila upande maneno 150, kisha swali moja: nani alikuwepo, na nani alinufaika kwa kusema hivi? Je, mtoto wa darasa la tano atalimudu?

La pili, mazungumzo. Sitaki kumwekea Koitalel maneno ambayo hayana shahidi, lakini sura isiyo na sauti za watu inachosha haraka. Mnaowaandikia watoto, mpaka mnauweka wapi?