Ovaloki nimelipia Moshono, wameitua Sakina, halafu naulizwa nani kahama!

Wanajamvi, naandika nikiwa nimevimba, herufi zikiruka mnivumilie.

Wale jamaa mnawajua. Sina haja ya kuwataja, hapa Arusha nani hajapishana na pikipiki zao Mnara wa Saa, boksi kubwa kuliko dereva. Niliagiza kwao ovaloki ya nyuzi nne, ile mashine ya kufungia kingo za nguo. Hela nimetuma yote kwa simu, na ya usafiri juu. Shule zinafunguliwa Januari, sare zimejaa mezani, zimejaa kitandani, wazazi wanapiga simu kama wanadai mahari, na mimi pindo zote napitisha kwa zigizaga ya kuazima.

Sakina nilishahama tangu mwezi wa kumi. Anwani nikabadilisha kwenye programu yao, na kwa kuwa siwaamini nikawatumia ujumbe. Wakajibu: "Sawa dada, tumeshabadilisha." Ujumbe ninao, haujafutika na hautafutika mpaka nazikwa.

Leo asubuhi simu inalia: "Mzigo wako umepokelewa." Umepokelewa na nani? Nafungua picha ya ushahidi, naliona boksi langu limeegemezwa kwenye geti la bluu la Sakina, chini kuna kandambili moja, na pembeni mkono wa mtu umeshika kalamu. Uso haupo. Mkono tu.

Nikapiga huduma kwa wateja. Nikapigiwa muziki mpaka vocha ikakaribia kukata roho, ndipo akapokea binti mmoja. Nikamweleza taratibu, kwa adabu zote nilizofunzwa na bibi yangu. Akaniacha nimalize. Halafu akasema hivi:

"Sasa dada, kati yako na mzigo, nani kahama?"

NANI KAHAMA! Mimi, mtu mzima, mama wa watu, hela yangu wameshaitia mfukoni! Na simu nilikuwa nimeiweka sauti kubwa, wanafunzi wangu wawili wa ushonaji wamekaa hapohapo wanapiga vifungo. Mmoja akajifunika uso kwa kola ya shati la sare, mabega yanamtikisika. Nimemwona.

Akaendelea binti: mzigo umefika kwenye anwani iliyopo kwenye mfumo, kwa hiyo wao kazi wamemaliza. Niutafute mwenyewe kwa aliyepokea, au nilipie kuurudisha ofisini kwao, kisha nilipie tena kuletewa Moshono. Mfumo wao, kosa lao, bili yangu!

Nimekwenda Sakina. Mpangaji mpya anaapa hakuna boksi lililoingia kwake. Nikamwonyesha picha, akautazama ule mkono, akasema, "Mbona huo wa mwanaume, na mimi hapa sina mwanaume." Mlango ukafungwa.

Lakini jamani, hata hilo naweza kulimeza. Nisiloweza kulimeza ni lile swali. Nani kahama! Kaliuliza kwa upole, kama nesi anayekuuliza umekunywa dawa. Nimepanda hiace kurudi nyumbani nalisikia, nimeshuka nalisikia, nimekaa kwenye mashine, mashine yenyewe inasaga nanikahama nanikahama.

Nani analipa hapa? Mniambie, maana mimi senti haitoki tena.

Chalii wa Sanawari: Aisee nimewahi siti ya mbele, nani ana mishikaki? Mleta uzi, usinipige, lakini si kweli umehama wewe?

Fundi wa Moshono (mleta uzi): Na wewe unafanya kazi kwao?

Chalii wa Sanawari: Mimi nauliza tu. Mzigo haujahama.

Mama Ushanga: Mwacheni mwenzenu. Hao hao mwaka jana birika langu la umeme walimwachia mlinzi wa jengo la jirani. Nilipoenda kulichukua nikakuta limechemshiwa chai, na mimi nikakaribishwa kikombe.

Mpenda Haki: Mleta uzi, punguza hasira usome hapa. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inasema muuzaji akishamkabidhi msafirishaji mzigo, kwa kawaida inahesabika amekukabidhi wewe. Hapo ndipo wanapojificha. Lakini hiyo ni pale anapoupeleka mnapokubaliana. Nyinyi mlikubaliana Moshono, tena wamekiri kwa maandishi. Kuutua Sakina mbele ya mkono usio na mwenyewe siyo kukukabidhi. Na sheria hiyohiyo inasema mzigo ukichelewa kufika kwa kosa la upande mmoja, hasara ambayo isingetokea bila kosa hilo anaibeba mwenye kosa. Usilipe hata mia. Andika barua, ambatisha ule ujumbe, risiti ya malipo na picha ya geti. Tangu Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015, ujumbe wa simu unapokelewa kuwa ushahidi. Wakikaza shingo, peleka malalamiko Tume ya Ushindani, au fungua madai Mahakama ya Mwanzo.

Chalii wa Sanawari: Wakili wa kijiweni kaamka.

Mpenda Haki: Wewe endelea na mishikaki.

Fundi wa Moshono (mleta uzi): Ubarikiwe mkuu, barua naiandika usiku huu huu. Lakini kuna kifungu chochote kuhusu mtu kuulizwa nani kahama? Maana mimi hilo ndilo nataka lifike mahakamani.

Mzee wa Rau: Arusha ndiyo zenu. Huku Moshi tangu ile operesheni ya anwani za makazi ya 2022 kila nyumba ina namba mlangoni na barabara ina kibao. Mtu anakuja moja kwa moja, hapigi hata simu.

Chalii wa Sanawari: Mzee, Moshi ukipotea unatokea ulipoanzia, namba ya nini? Kwetu kibao cha barabara hakikumaliza mwezi, kikaenda chuma chakavu. Sasa hivi anwani yetu ni "ukifika kwa muuza chipsi, piga".

Mzee wa Rau: Ujinga huo mjivunie wenyewe. Na kwa kuwa tumefika huko, nyie watu wa Arusha mnanidai majibu. Betri ya gari langu ilipakiwa kwenye basi kutoka Dar, imeandikwa MOSHI kwa kalamu nene pande zote. Konda akalala, basi likapitiliza nayo mpaka kwenu. Nikaambiwa nilipe nauli ya kuirudisha. Nauli! Betri ilikaa siti ya dirishani?

Mama Ushanga: Mzee ukalipa?

Mzee wa Rau: Nililipa, na gari lilikuwa juu ya mawe. Ningefanyaje?

Fundi wa Moshono (mleta uzi): Mnaona! Wanajua tuna shida, ndiyo maana wanatuuliza nani kahama.

Mama Ushanga: Kwani mwenzangu, Sakina ulihama kwa nini? Pazuri vile.

Fundi wa Moshono (mleta uzi): Mwenye nyumba kapandisha kodi, halafu anataka ya miezi sita kwa mkupuo. Lakini hiyo siyo mada.

Mama Ushanga: Hiyo ndiyo mada yenyewe! Wangu kapandisha kisa kapaka rangi ukuta wa nje. Wa nje! Mimi nalala nje?

Kijana wa Unga Limited: Afadhali mwenye nyumba kuliko dalali. Nilizungushwa juani siku nzima, chumba cha mwisho akanionyesha kina mtu ndani anakula. Hela ya usumbufu akachukua, na nilipopata chumba akachukua kodi ya mwezi mzima.

Dalali wa Muriet: Madalali tusitukanwe humu. Mnatuzungusha mtaa mzima, mkiona chumba mnarudi kwa mlango wa nyuma kwa mwenye nyumba. Mafuta ya pikipiki nani analipa?

Kijana wa Unga Limited: Sasa leo wewe ndiye unayeuliza nani analipa?

Fundi wa Moshono (mleta uzi): Jamani, OVALOKI YANGU.

Dalali wa Muriet: Pole dada. Chumba na sebule kipo Muriet, kina vigae, maji ndani, malipo miezi mitatu mitatu.

Mama Ushanga: Luku ya peke yake?

Dalali wa Muriet: Mnachangia watatu tu, wote watu wastaarabu.

Mama Ushanga: Watatu hapana. Nilishachoka kununua umeme wa friji la mwenzangu.