Mwizi gani anakunja mbao? Hii riwaya ya wizi wa Florence imenitia hasira kweli

Wakuu habari za saa hizi. Naomba nitoe ya moyoni maana nikikaa nayo leo silali. Kuna riwaya moja inasifiwa sana siku hizi, jina silitaji nisije nikaipigia promo ya bure, inahusu genge la wezi wanaovamia Uffizi, yale makumbusho makubwa ya michoro pale Florence, Italia, kuiba michoro. Humu ndani mliimwagia sifa wenyewe, mara ooh ukiianza utasahau hadi kula, mara ooh mwandishi kafanya utafiti wa kufa mtu. Nikajichanga nikanunua. Nimepigwa. Nimepigwa mchana kweupe.

Nianze na lile lililonifanya nirushe simu kitandani. Stelingi wetu anashuka usiku kwa kamba kutoka darini, anaifikia Primavera, mchoro maarufu wa mchoraji Botticelli, anaichana na wembe kwenye fremu yake, anaikunja kama mkeka, anaitumbukiza kwenye bomba la plastiki mgongoni, huyoo anapanda juu. Sasa ndugu mwandishi nakuuliza kwa heshima zote, wembe gani huo? Primavera imechorwa kwenye MBAO. Sio kitambaa, sio karatasi, ni mbao za mti zimeungwa, mapana zaidi ya mita 3 na kwenda juu mita 2 na ushee. Haikunjwi hiyo, haichanwi na wembe, haipiti kwenye katundu alikotoboa darini, na wala mtu mmoja haibebi hata awe na misuli ya namna gani. Na kinachoniuma zaidi ni kwamba jumba hilohilo kuna kazi nyingine ya Botticelli huyohuyo, Kuzaliwa kwa Venus, ile ndiyo iko kwenye kitambaa kweli. Angechukua ile ningenyamaza, ingawa nayo rangi ya miaka zaidi ya 500 ukiizungusha hovyo hivyo inapasuka na kubanduka, tajiri wako anafungua bomba anakutana na unga wa rangi. Yaani jamaa alikuwa na michoro miwili maarufu ya mtu mmoja akaenda kuchagua ule usiowezekana, na kitabu kizima kimejengwa juu ya hilo bomba la mgongoni, bomba linabadilishwa kwenye treni, bomba linasahaulika kanisani, bomba bomba bomba kurasa mia tatu. Toa hilo bomba hakuna riwaya.

Haya, wametoka. Kutoroka sasa ndio vichekesho vyenyewe. Gari jekundu la mbio linakatiza Ponte Vecchio, polisi nyuma, risasi zinarindima. Ponte Vecchio ni daraja la waenda kwa miguu, limebanwa na maduka ya masonara kushoto kulia, siku ya kawaida hata kupishana na mtu mwenye begi ni shughuli. Halafu katikati yote ya mji ule wa zamani ni eneo la magari yenye kibali tu, pale wanaliita ZTL, kila mlango wa kuingilia kuna kamera inasoma namba ya gari. Watalii waliokodi magari wanarudi kwao wanashangaa miezi imepita wanaletewa barua ya faini, hawakujua hata kama wamepita. Sasa genge la kimataifa linalojisifia kupanga mambo mwaka mzima linapita mbele ya kamera za faini na gari jekundu na mwandishi anaona kamaliza kazi.

Kuna na ile "njia ya siri chini ya ardhi ya akina Medici", ile familia iliyotawala Florence zamani. Hapa ndipo nilijua huyu mtu Florence hajaiona hata kwenye ramani. Njia anayoisema ni ujia wa Vasari, ulijengwa 1565 kwa miezi kama mitano hivi, ili mtawala atoke Palazzo Vecchio, apite Uffizi, avuke mto afike kwake Palazzo Pitti bila kubanana na watu wa chini. Wa chini nimesema! Ujia wenyewe uko JUU, umepita juu ya maduka ya pale darajani, una madirisha unaangalia mto Arno. Kila aliyesimama pale akiinua kichwa anauona. Ulifungwa 2016 ukaja kufunguliwa tena Desemba 2024 na watu wanakata tiketi wanapita. Siri gani inayokatiwa tiketi?

Najua wapo watakaokuja na ile "mkuu ni fiksheni tu, relax". Sikatai fiksheni, mimi mwenyewe nimelelewa na riwaya za upelelezi, natamani sana nidanganywe vizuri. Lakini mtu akitaka kunidanganya ajishughulishe basi. Na ninachokasirikia hasa sio mbao wala daraja, ni kwamba Florence ina visa vyake vya wizi vitamu kuliko hiyo chai yake na hajagusa hata kimoja.

Mona Lisa mnaijua. Iliibwa Louvre kule Paris tarehe 21 Agosti 1911, siku ya Jumatatu, makumbusho yamefungwa. Nani kaiba? Sio mtaalamu wa leza wala mcheza sarakasi. Ni Vincenzo Peruggia, fundi wa Kiitalia aliyewahi kufanya kazi ya kutengeneza vioo vya kukingia michoro mlemle ndani. Kaitoa ukutani, kaacha fremu na kioo kwenye ngazi, akakuta mlango wa kutokea haufunguki, akafungua kitasa, bado. Ghafla anapita fundi bomba wa makumbusho, akamuona mwenzake amekwama, akamfungulia mlango! Mwizi kafunguliwa mlango na mfanyakazi, asante sana, kwaheri. Kesho yake ndio wanashtuka ukuta mtupu. Polisi walihangaika wakamkamata hadi mshairi Apollinaire wakamuweka ndani, Picasso naye akaitwa kuhojiwa. Peruggia mwenyewe alihojiwa wakamuacha, wakati alama za vidole vyake walikuwa nazo kwenye mafaili, ila waliyokuwa nayo ni ya dole gumba la kulia na iliyokutwa kwenye kioo ni ya kushoto. Nyie! Na mchoro muda wote huo uko chumbani kwake, kwenye sanduku alilotengenezea sehemu ya siri chini.

Sasa Florence inaingiaje? Mwaka 1913 mwishoni jamaa kachoka kukaa na mzigo, akamuandikia barua muuza vitu vya kale wa Florence, Alfredo Geri, barua kasaini "Leonardo". Jina la Leonardo da Vinci aliyeichora Mona Lisa jamani, hata haya hana. Desemba akaja na treni, sanduku mkononi, akapanga hoteli ya kawaida tu pale mjini. Geri akamchukua mkurugenzi wa Uffizi, Giovanni Poggi, wakapanda hadi chumbani, jamaa akatupa nje manguo na viatu na zana zake, akang'oa kile kibao cha chini, Mona Lisa hii hapa. Anataka lire 500,000. Wakamwambia kwa upole tunaomba tuupeleke Uffizi tukauhakiki, akakubali, akabaki hotelini akisubiri hela yake. Walikuja polisi. Mahakamani anasema yeye mzalendo, alikuwa anarudisha nyumbani alichoiba Napoleon, wakati Leonardo mwenyewe ndiye aliyekwenda nao Ufaransa miaka karibu mia tatu kabla ya Napoleon na ukaishia kwa mfalme Francis wa Kwanza. Akapewa mwaka mmoja na siku 15, ikapunguzwa ikawa miezi saba. Na huku nje watu wanampelekea zawadi gerezani!

Nambieni, mwandishi mwenye akili timamu anaweka riwaya ya wizi wa michoro Florence, na hicho chumba cha hoteli anakipita? Hicho chumba tu kinatosha kitabu. Watu watatu, sanduku, kila mmoja anajifanya mtulivu na moyo unadunda. Badala yake katuwekea leza za kijani zinazokatiza chumba na mdada anazipita kwa kujinyonga mwili.

Kingine. Palazzo Pitti palikuwa na mchoro wa maua wa Mholanzi Jan van Huysum. Vita vya pili vya dunia, askari wa Kijerumani wakaondoka nao, mmoja akaupeleka kwa mkewe Ujerumani, ukakaa kwenye familia miaka na miaka. Italia ilipouhitaji watu wa kati wakawa wanadai walipwe kwanza. Walipwe! Januari 2019 mkurugenzi wa Uffizi, Eike Schmidt, naye Mjerumani, akatundika pale Pitti picha ya mchoro huo isiyo na rangi na neno "umeibwa" kwa Kiitalia, Kiingereza na Kijerumani, dunia nzima ione. Julai mwaka huohuo mchoro ukarudi, mawaziri wa mambo ya nje wa nchi zote mbili wakaupokea. Hapo hakuna risasi hata moja, lakini una mke wa askari, una familia iliyokula chakula cha jioni chini ya kitu cha wizi, una Mjerumani anawaaibisha Wajerumani wenzake. Mwandishi wetu yuko bize na gari jekundu.

Na Carabinieri, wale polisi wa Italia, kawafanya mabwege, wanakunywa kahawa na kugombea keki hadi mwisho wa kitabu. Wale wana kikosi maalum cha mali za sanaa tangu 1969, kina kanzidata ya vitu vilivyoibwa zaidi ya milioni 1, nchi nyingi zimeiga kwao. Sisemi hawashindwi, mchoro wa Caravaggio wa kuzaliwa kwa Yesu uliochukuliwa Palermo mwaka huohuo wa 1969 mpaka leo haujarudi. Ila kushindwa sio kuwa mjinga.

Halafu hii tabia ya kumfanya mwizi genius inanichosha mno, maana inaficha wizi unavyofanyika. Angalieni Verona, makumbusho ya Castelvecchio, Novemba 2015. Watu watatu na bunduki wameingia jioni wageni wameshatoka na alamu bado haijawashwa, wamefunga mikono waliokuwemo, wamebeba michoro 17, kuna kazi za wachoraji wakubwa kama Tintoretto, Rubens, Mantegna humo, wameondoka na gari la mlinzi. Uchunguzi ukaja kuonyesha mlinzi mwenyewe yumo kwenye dili. Michoro ikaja kupatikana Mei 2016 Ukraine, karibu na mpaka wa Moldova, kwenye mifuko ya plastiki. Ndio hivyo tu, mtu wa ndani na dakika kumi za uzembe. Na soko hakuna, kila mtu anaujua mzigo, nani anunue? Kazi mbili za mchoraji Van Gogh zilizoibwa Amsterdam 2002 zilikutwa 2016 kwenye nyumba ya mtu wa Camorra, mafia wa Napoli, karibu na mji huo, miaka 14 zimekaa tu. Yule bilionea wa riwaya mwenye handaki lake anakaa anatazama Primavera huku anakunywa mvinyo, mimi namngoja mtu anionyeshe wa kweli.

Nilikuwa nimekusudia kuishia hapo lakini kuna sura ya kumi na moja. Ili kuwapoteza walinzi, genge linalipua bomu kwenye gari nyuma ya Uffizi, na mwandishi analifanya kichekesho, stelingi anatupia kamsemo, watu wanakimbia na pizza zao mkononi. Ndugu yangu, hilo bomu lililipuka kweli. Usiku wa kuamkia tarehe 27 Mei 1993, mtaa wa Georgofili, palepale ubavuni mwa Uffizi, mafia wa Sicily waliacha gari lenye milipuko. Mnara wa kale ukaanguka na familia iliyokuwa inaishi humo ikafa yote, baba, mama na mabinti wawili, mdogo hajafikisha hata miezi miwili. Na mwanafunzi wa chuo wa nyumba ya jirani akaungua. Watu watano. Michoro mitatu ikaharibika kabisa na mingine mingi ikaumia. Hili sio tukio la kuchimbua maktaba, ukisimama nyuma ya Uffizi unakutana nalo. Kama alilijua akaandika vile, hana utu. Kama hakulijua, basi ule ukurasa wa shukrani aliojaza kuhusu "miaka ya utafiti" aufute.

Mlionishauri ninunue najua mpo na mnasoma hapa, msijifiche, nataka mje mniambie mliipendea nini. Na ukurasa wa mwisho wametangaza sehemu ya pili inakuja, genge linahamia Venice. Nasubiri kuona huko hilo gari jekundu watalipitisha wapi.