Fundi kang'oa mshale wa RPM halafu ananiambia "haurukiruki tena"

Wakuu, naandika mikono inatetemeka. Yule fundi umeme, mnamjua, yule ambaye gari likikohoa tu kwake "injini imechoka".

Nimempelekea gari langu la kabureta na distributa, injini nzima kabisa. Shida ni mshale wa RPM, ile geji ya mizunguko ya injini kwa dakika. Gari likiwa sailensi (linanguruma bila kukanyaga mafuta) unasoma 800, ghafla 5000, ghafla sifuri. Ukiipiga dashibodi kofi unatulia. Ukitulia kwa kofi, hapo kuna mguso mbovu: ethi (waya wa hasi) imelegea, soketi nyuma ya geji, au lehemu imepasuka kwenye saketi ya geji. Hata mbuzi wa jirani angeanzia hapo!

Bwana huyu hakugusa waya hata mmoja. Kavua kioo cha geji, kashika mshale kwa vidole viwili, KAUNG'OA. Kautia mfuko wa shati. Kanikazia macho: "Haurukiruki tena, bosi."

HAURUKIRUKI TENA! Utaruka vipi na umo mfukoni mwako?

Namwambia waya wa RPM unatoka hasi ya koili, ile inayopeleka umeme wa plagi, weka mita pale. Silinda 4, koili inapiga mara 2 kila mzunguko wa injini, kwa hiyo kwenye 900 mita isome Hz 30, yaani mapigo 30 kwa sekunde. Ikisoma sawa, ugonjwa uko kwenye geji au ethi yake. Ananijibu gari la zamani husikilizwa kwa masikio. Vidole viwili wakuu! Mfuko wa shati!

Mzee wa Koili: Pole mkuu. Mimi taa ya oili ilikuwa inawaka, akachomoa balbu. "Imepona."

Gia ya Nne: Kwani RPM ya nini? Injini ikilia badilisha gia. Wenzako hata spidi mita imekufa na hawafungui uzi.

Mleta uzi: Mshale wangu uko kwake MPAKA SASA!!!

Dizeli Daima: Usitudanganye na koili zako. Dizeli haina koili ya plagi. Nyingi za zamani waya unatoka terminali W ya altaneta. Mkanda unaoizungusha ukiteleza, mshale nao unashuka.

Dada Kabureta: Huyohuyo alinifungia geji ya silinda 6 kwenye gari la silinda 4. Injini iko 3000, geji inasoma 2000. Akadai amelipunguzia gari ulaji wa mafuta!

Gia ya Nne: @Dizeli Daima umenikumbusha, mkanda wangu unapiga kelele asubuhi tu. Ni kukaza au kubadilisha?

Dizeli Daima: Angalia puli kwanza, usikimbilie kukaza, utaua beringi ya altaneta.

Mleta uzi: Wakuu, mshale je? Kautia MFUKONI!

Gia ya Nne: Mkuu subiri kidogo, tuko kwenye mkanda.