Wakuu, yule wa kwenye mageti ya treni ameniita MZIGO mbele za watu

Leo sina salamu. Naandika nimekaa kwenye kitanda cha hoteli, viatu sijavua, maji sijanywa, na begi liko pale mlangoni linajifanya halijui kilichotokea. Wasimamizi msihamishie uzi huu jukwaa la safari na utalii. Huu si utalii, hii ni dhuluma.

Mnamjua. Msinilazimishe nimtaje. Kila aliyewahi kushuka kwenye ndege akajiona mjanja, akasema teksi ni za wasiojua mji, mimi nakwenda hotelini kwa treni, lazima amepita mbele ya huyo bwana. Yule wa kwenye mageti ya kutokea, mwenye rifleketa na sauti ya mtu aliyeamshwa kabla ya wakati. Huyo huyo.

Treni yenyewe sina ugomvi nayo. Ilikuja, nikapanda, nikasimama njia nzima nimelikumbatia begi kwa sababu rafu ya mizigo ilikuwa imejaa mizigo ya waliowahi viti. Sawa. Nikashuka kituo sahihi. Nikapanda ngazi za umeme, nikasimama upande unaotakiwa, sikumzibia mtu njia. Mpaka hapo nilikuwa mtu na heshima zangu.

Nikafika kwenye geti. Nikagusisha kadi, ikalia tii, taa ya kijani, milango ikafunguka. Nikasukuma begi litangulie, jinsi binadamu yeyote mwenye akili timamu angefanya. Begi likapita. Milango ikajifunga. PAA!

Begi mjini, mimi bado kwenye treni.

Yaani mpini wa begi umebanwa katikati ya vile vibao vya mpira, mkono wangu umeng'ang'ania mpini, na kwa kuwa sakafu ya pale imeinama kidogo, begi linajivuta polepole linataka liende zake hotelini peke yake. Nagusisha kadi, nyekundu. Nagusisha tena, nyekundu. Nyuma yangu foleni imefika karibu uwanja wa ndege tulikotoka. Mama mmoja anaguna. Jamaa mwingine anapiga picha ya geti, au yangu, sijui.

Ndipo akaja. Hakuharakisha. Alimalizia kwanza alichokuwa anakunywa, akakunja kikombe, akatafuta pa kukitupa. Akanitazama mimi, akalitazama begi, akanitazama mimi tena. Halafu akasema, kwa sauti iliyofika mpaka reli za chini:

"Kwa mashine, begi ndilo abiria. Wewe ndiye mzigo."

MZIGO, wakuu. Mimi. Nauli nimelipa kamili, tena ile yenye nyongeza ya uwanja wa ndege. Watu wakacheka. Foleni iliyokuwa imenuna ikacheka. Mtoto kwenye kigari, hata meno hana, akacheka.

Halafu akanituma dirishani nikaeleze, begi limebaki kule ng'ambo limesimama wima peke yake, na hapo hapo spika ikatangaza kwamba begi lolote litakaloonekana bila mwenyewe litaondolewa na huenda likaharibiwa. Nikamgeukia nimwambie jamani lile langu. Akanyanyua nyusi. Hakusema neno, alinyanyua nyusi tu, na mimi nikajua anarudia kimoyomoyo: mzigo.

Nawasilisha. Nikipoa nitarudi kueleza zile nyusi vizuri.

Siti ya Mbele: Nimewahi kufika. Mzigo endelea kushusha.

Bibi Harusi Mtoro: Pole sana mkuu. Nimecheka mpaka nimeombwa nitoke ofisini. Ila tuambie ukweli, begi lilikuaga?

Mzee wa Ramani: Mleta mada punguza hasira nikuelekeze. Yale mageti hayana macho ya kujua huyu mtu hili begi. Yana sensa ubavuni, na kila mguso wa kadi unaruhusu kitu kimoja kipite. Begi likikutangulia na wewe ukabaki nyuma hatua moja, geti linaona abiria amepita na nyuma yake kuna mdandiaji. Linafunga. Kadi ukiigusa tena inakataa kwa sababu safari yako imeshaandikwa kuwa imeisha. Ndiyo maana pembeni huwa kuna geti pana lenye alama ya kiti cha magurudumu, kigari cha mtoto na begi. Lile linachelewa kufunga. Mwenye begi anapita kule.

Mleta mada: Mkuu asante, ila sikuuliza mashine inafanyaje kazi. Nauliza kwa nini nimeitwa mzigo.

Mzee wa Ramani: Soma tena nilichoandika.

Kadi Mbili: Swali dogo tu. Huo mguso wa pili uligusisha kadi ile ile au ulitoa simu? Nauliza kwa sababu London, kwa mfano, kadi ya benki na simu yenye kadi hiyo hiyo ndani yake mfumo unazihesabu kama vitu viwili. Ukiingia na kadi ukatokea na simu unaweza kukatwa nauli ya juu kabisa kote kote.

Mleta mada: Hilo si swali la leo.

Kadi Mbili: Kwa hiyo simu.

Mleta mada: Nimesema si swali la leo!

Nusu Tiketi: Mimi nilidhani alikuwa na tiketi ya kanda pungufu. Hapo ndipo wengi wanaliwa. Berlin ule uwanja wao uliofunguliwa 2020 uko kanda C ya nauli, mtu anatua ananunua tiketi ya A na B kwa kuwa hoteli iko katikati ya mji, anasahau kwamba yeye mwenyewe bado yuko C. Wakaguzi wakipita hapo hakuna cha mgeni.

Mleta mada: Nililipa kamili.

Nusu Tiketi: Begi ndilo lililolipa. Wewe ulisindikiza.

Bibi Harusi Mtoro: 🤣🤣🤣 Mods fungeni uzi, mshindi kapatikana.

Kiti cha Dirishani: Yule namjua jamani! Mrefu, ana funguo kiunoni zinazolia kila akitembea. Mimi nilikuwa nakimbilia treni ya kurudi uwanjani, ndege inaondoka, jasho linatiririka, akanipungia mkono akasema, "Usikimbie, treni haikujui." Ikaondoka nikiiangalia. Mleta mada wewe umeitwa mzigo, mimi nilitambulishwa kwamba sijulikani hata na treni.

Mleta mada: HUYO HUYO. Asanteni. Nilijua siko peke yangu.

Tulia Twende: Mbona mimi alinibebea begi ngazi zote siku lifti ilipoharibika? Tena akaniuliza safari ilikuwaje.

Mleta mada: Basi huyo si yeye.

Tulia Twende: Funguo kiunoni, rifleketa.

Mleta mada: Si yeye.

Shangazi Masafa: Watoto wa siku hizi mnalia haraka. Wewe treni ilikufikisha mjini, unalalamika nini? Kuna viwanja vimepewa majina ya miji ambayo haviioni hata kwa darubini. Frankfurt-Hahn iko zaidi ya kilomita 100 kutoka Frankfurt. Beauvais wanaiuza kama Paris, na Paris yenyewe iko kama kilomita 85 mbele. Mtu kanunua tiketi ya ndege kwa bei chee, anatua anajipongeza, kisha anakaa kwenye basi muda mrefu kuliko aliokaa angani. Hapo ndipo utaujua mzigo.

Mzee wa Ramani: Na Narita shangazi, Narita ni kama kilomita 60 mpaka Tokyo. Ukitua usiku sana usitegemee treni, zinalala kama saa sita usiku mpaka karibu saa kumi na moja alfajiri. Wenye raha ni wa Copenhagen, metro ya uwanjani inatembea usiku na mchana. Chicago pia, ile Blue Line ya O'Hare hailali.

Siti ya Mbele: Shanghai je? Si ndiyo ile treni inayoelea?

Mzee wa Ramani: Inaelea kweli, kwa sumaku. Kilomita 30 tu, na kuna miaka ilikuwa inafika kilomita 431 kwa saa. Siku hizi inaishia 300. Tatizo inakomea kituo cha Longyang Road, bado hujafika katikati ya mji, unashuka unaingia metro ya kawaida na begi lako kubanana na wanaokwenda kazini.

Siti ya Mbele: Yaani wanakurusha kama risasi halafu wanakuambia subiri hapa.

Behewa la Dhahabu: Nendeni Dubai mpumzike. Treni haina dereva tangu ilipoanza 2009, kwa hiyo mbele hakuna mtu wa kukutukana. Lakini soma maandishi kwenye mlango. Ukiingia behewa la daraja la dhahabu na kadi ya kawaida, faini dirham 100. Mwanamume ukijisahau kwenye behewa la wanawake na watoto, vivyo hivyo. Na mabegi mwisho mawili, kubwa moja na dogo moja.

Kadi Mbili: Mwenye mabegi matano je?

Nusu Tiketi: Kwa hesabu za yule bwana wa mageti, huyo ni abiria watano na mzigo mmoja.

Mleta mada: Naona mmeamua. Sawa. Ila nataka mtu mmoja tu, mmoja, anijibu kwa utulivu: kuna sababu gani ya kusema vile kwa SAUTI? Angenisogelea akaninong'oneza ningeelewa. Alipaza. Na kile kikombe alikikunja kwanza.

Dakika Tano za Nani: Mimi mleta mada nakuelewa, ila adui yako wa kweli hujamtaja bado. Ni hoteli. Ile sentensi yao, "dakika tano kwa miguu kutoka kituoni." Dakika tano za nani? Za mtu asiye na begi, asiyesubiri taa za barabarani, aliyezaliwa humo hotelini na anarudi kwao. Na kutoka mlango upi wa kituo? Kituo cha Shinjuku kule Tokyo kina njia za kutokea zaidi ya 200. Ukitokezea mlango usio wako, wewe siyo umepotea, wewe umehama wilaya.

Bibi Harusi Mtoro: Hapo umenena! Na ramani ya simu inakupeleka mlango wa nyuma wa hoteli, pale wanapotolea taka, inasema "umewasili".

Dakika Tano za Nani: Unawasili, unaugonga mlango, anatoka mpishi anakushangaa.

Kiti cha Dirishani: Halafu ukizunguka mbele, saa mbili asubuhi, umesafiri usiku kucha, unaambiwa vyumba vinaanza kupokelewa saa tisa alasiri. Unatabasamiwa kabisa. Bora kuitwa mzigo.

Mleta mada: SI BORA.

Shangazi Masafa: Si wanakutunzia begi lakini? Liache mapokezi ukatembee.

Kiti cha Dirishani: Shangazi, nitembee wapi na macho haya? Nililala kwenye kochi la mapokezi, wakaja kuniamsha wanasema kochi ni la wageni. Mimi ni nani?

Nusu Tiketi: Mzigo. 🏃🏾

Tulia Twende: Tuseme ukweli, haya yote chanzo ni begi. Mleta mada ana begi la magurudumu manne. Yale yanateleza kila upande, ndiyo maana lilimtangulia. La magurudumu mawili unalivuta nyuma yako, hata geti likifunga wewe umeshapita.

Mzee wa Ramani: Sikubaliani. Ukilivuta nyuma geti linaweza kufunga ukabaki unalivuta kutoka ng'ambo. Dawa ni geti pana, nimeshasema.

Siti ya Mbele: Manne ni ya sakafu za viwanja vya ndege. Ukishafika barabara ya mawe yanalia mtaa mzima unaamka.

Dakika Tano za Nani: Mawili nayo yanakata bega. Nimetumia mawili, bega la kulia limeshuka, mashati yote yananikaa upande.

Mleta mada: Jamani turudi kwenye mada. Huyu mtu amesimama pale hadi sasa hivi ninavyoandika, na kesho kutwa napita hapo hapo kurudi uwanjani. Nifanyeje?

Kadi Mbili: Mzigo subiri kidogo, tunamalizia magurudumu.

Behewa la Dhahabu: Manne, ila yawe yale mapacha, mawili mawili kila kona. Hayakwami kwenye mfereji wa mlango wa treni.

Tulia Twende: Yakivunjika moja ndiyo basi, begi zima linakwenda upande kama kaa.

Shangazi Masafa: Hapo sasa. La kwangu la kushoto limebaki kwenye ngazi za umeme, nimelisikia likisagika. Mwenye kujua wanakouza gurudumu moja moja anijuze, sitaki kununua begi zima.

Mzee wa Ramani: Ni la kufunga na skrubu au la ribiti? Tuma picha.