Ubikwitini: inawezaje kuiamsha kinga dhidi ya virusi ilhali ni alama ya kuvunjwa?

Nuru_B aliuliza:
Ndugu wanajukwaa, nimefundishwa kwamba ubikwitini ni protini ndogo ya asidi amino 76, ambayo hubandikwa kwenye protini nyingine ili ipelekwe kwenye proteasomu, yaani mashine ya seli ya kuvunjia protini, na kuvunjwa. Kazi hiyo ndiyo iliyowapatia Aaron Ciechanover, Avram Hershko na Irwin Rose Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2004. Sasa nasoma kwamba RIG-I, protini inayotambua RNA ya virusi ndani ya seli, huihitaji ubikwitini ili iamke. Inakuwaje?

Mtafiti wa Seli alijibu:
Ndugu Nuru, siri imo katika maungio ya mnyororo. Ubikwitini ina lisini (aina mojawapo ya asidi amino) saba, na molekuli inayofuata inaweza kuungwa kwenye yoyote kati ya hizo. Mnyororo wa lisini ya 48 ndio hasa unaoipeleka protini kuvunjwa, lakini ule wa lisini ya 63 kwa kawaida hauvunji chochote, bali hukusanya protini mahali pamoja. RIG-I inapoikamata RNA yenye fosfati tatu kwenye ncha yake ya 5', hubadilika umbo na kufunua sehemu zilizokuwa zimefichwa. Vimeng'enya RIPLET na TRIM25 vimeelezwa kuwa ndivyo vinavyobandika minyororo ya 63, ingawa tafiti za karibuni zimeipa RIPLET uzito zaidi, nami naona zina hoja. RIG-I zilizoshikana hivyo huiamsha MAVS, protini iliyo juu ya mitokondria, kisha kimeng'enya TBK1 huiwekea protini IRF3 fosfati, nayo huingia kwenye kiini cha seli na kuwasha jeni za intaferoni, protini zinazozitahadharisha seli dhidi ya virusi.

Kinga na Tiba alijibu:
Niongeze upande wa kuzima, ambao vitabu vingi huupita haraka mno. Intaferoni isiyokoma huwadhuru wagonjwa, kwa hiyo seli huiongeza RNF125, kimeng'enya kinachoibandika RIG-I alama ya kuvunjwa, huku kimeng'enya kingine, CYLD, kikiikata minyororo ya 63. Virusi navyo hushambulia papo hapo: protini NS1 ya virusi vya mafua huishika TRIM25 na kuizuia, kimeng'enya PLpro cha SARS-CoV-2 hukata ubikwitini pamoja na ISG15, protini inayofanana nayo, na Vif ya VVU huuteka mfumo wenyewe wa seli ili APOBEC3G, mlinzi wa seli, ibandikwe alama na kuvunjwa.

Nuru_B:
Nashukuru sana. Je, maabara hutofautishaje mnyororo mmoja na mwingine?

Mtafiti wa Seli:
Hutumia ubikwitini ambayo lisini zote, isipokuwa moja, zimebadilishwa kuwa ajinini, asidi amino nyingine. Ajinini nayo ina chaji chanya, lakini haipokei ubikwitini. Basi ikibaki lisini ya 63 peke yake na RIG-I ikaendelea kubandikwa mnyororo, utajua mnyororo huo umepitia hapo. Hata hivyo, rudia jaribio kwa kingamwili inayotambua maungio ya 63 tu, kwa sababu ubikwitini iliyobadilishwa na kuzalishwa kwa wingi ndani ya seli inaweza kuuvuruga mfumo unaoupima.