Tupeane uzoefu: umefanyiwa ubaya na mtu wako mwenyewe, moyo uliuzuiaje usiwe mchungu?

Wapendwa habari za jioni. Tumetoka kwa ushirika wa nyumba huku Kisauni, Mombasa, na mjadala umekataa kuisha, ni ile stori ya Yusufu, Mwanzo 37 mpaka 50. Mtu kasema Yusufu alisamehe tu bila shida manake Mungu alikuwa naye, mimi nikakataa. Hebu someni vizuri. Kauzwa ana miaka 17 kwa vipande 20 vya fedha na ndugu wa baba mmoja, kafungwa kwa uongo wa mke wa bwana wake Potifa, anasimama mbele ya Farao ana 30. Ndugu walipokuja Misri kununua nafaka hakuwakumbatia siku hiyo, aliwaita wapelelezi, akamfunga Simeoni, akataka waje na mdogo wao Benyamini, halafu akatia kikombe chake cha fedha kwa gunia la huyo mdogo aone kama watamtupa vile walimtupa yeye. Na Yuda, yule yule aliyetoa wazo la kumuuza, ndo akasema nibaki mimi mtumwa, kijana arudi kwa babake. Hapo Yusufu akashindwa kujizuia akalia mpaka nyumba ya Farao ikasikia, na alikuwa ashalia mara mbili kabla, kwa kujificha. Mimi naona kumwamini Mungu na kukataa uchungu si kujifanya hakuna kilichouma, wala si kumpa mtu funguo za nyumba siku ya kwanza. Leteni zenu, za kweli. Mahubiri tunayo ya kutosha.

Wa Changamwe:
Nilikuwa karani ofisi ya kuklia mizigo, yaani kuitoa bandarini. 2019 ilipokuja ile amri makontena yapande treni ya SGR yakatolewe Nairobi, mnakumbuka maandamano hapa mjini, ofisi yetu ilifunga. Kuna rafiki yangu kazini nilimwingiza mimi, nikamfundisha kila kitu, yeye akahamishwa Nairobi akaniambia nikifika tu nakutajia kwa bosi. Kimya. Simu hashiki, meseji anasoma hajibu. Kila nikifika pale mnyweshaji wa Farao, aliyefungwa naye, kamsahau Yusufu miaka miwili mizima naona ni mimi huyo. Kilichonisaidia wacha niseme ukweli ni kumfuta kwa simu, manake nilikuwa nachungulia stetasi zake kila usiku nione kanunua nini, halafu naamka namwambia Mungu nakutegemea. Nikashika tuktuk ya mtu. 2022 mizigo iliporudishwa Mombasa nikapata kazi, ofisi ingine kabisa, si kwa mkono wake. Mwaka jana kanipigia ati nimuunganishe na mtu wa bandarini. Nilimuunganisha. Msinisifu lakini, nilimngojesha wiki nzima kwanza 😂

Wa Kongowea:
Baba wewe umenichekesha. Mimi ni mama wa viazi. Mweka hazina wa chama chetu alitoweka na pesa za mzunguko na zamu ilikuwa yangu, nilizingoja nimlipie binti karo ya chuo, binti akakaa nyumbani muhula mzima ananiangalia tu. Nikiamka alfajiri kupokea lori namwombea yule mama, ati naomba, kumbe namtumia Mungu kama askari kanjo akamtie adabu. Siku moja nikajisikia mwenyewe nikaona haya. Nikaacha kabisa kumtaja kwa maombi, nikawa naomba juu ya binti tu. Baadaye alirudi kalipa nusu. Tukampokea chamani lakini daftari hashiki, na pesa ziko benki, hazitoki mpaka watu watatu watie sahihi. Nlishamwambia yameisha, lakini kila Ijumaa ananiletea mbaazi na mahamri, anaogopa. Ndo nikaelewa Mwanzo 50. Yakobo babake Yusufu aliishi Misri miaka 17, kufa tu wale ndugu wakaanza kutetemeka Yusufu atawalipiza. Miaka 17 wanakula kwake hawajaamini!

Wa Mji wa Kale:
Mimi ni Muislamu, naingia bila kualikwa. Kisa hiki kwetu kina sura nzima, ya 12. Mimi yanishika zaidi habari ya babake. Aliletewa kanzu ina damu ya uongo akasema subira njema, na baadaye yuwasema huzuni yangu namshtakia Mwenyezi Mungu, na macho yalimpofuka kwa majonzi, naye ni nabii. Bibi yangu mwanawe alienda Uarabuni hakutuma hata barua. Sikuwahi kumsikia akimtukana, lakini kila Idi alikuwa alia, nasi twamwacha alie, akimaliza apakua pilau.

Wa Mtwapa:
Wa Changamwe na wa Kongowea mna bahati, watu wenu wamerudi. Wangu kauza sehemu ya shamba la marehemu baba bila kutuuliza na anatembea kifua mbele. Kanisani naambiwa samehe uachane na kesi. Naachaje sasa?

Mimi tena:
Nani kakwambia uache kesi ndugu yangu? Yusufu mwenyewe aliuliza maswali magumu mpaka akaridhika. Kama hati haijabadilishwa kimbia ofisi ya ardhi uweke zuio, na mirathi ya mzee ifunguliwe kortini, yote hayo unaweza kuyafanya bila kumchukia. Hawa wanaosema samehe kila saa wengi wao shamba si lao, naomba msamaha kama kuna mchungaji humu.

Wa Mtwapa:
Zuio nishaweka. Shida yangu ni kulala. Mama wa Kongowea, kwani hiyo ya kuacha kumtaja kwa maombi ilikuchukua muda gani?

Wa Kongowea:
Muda mwanangu. Binti kashamaliza chuo na kazi kapata, na mimi kuna Ijumaa bado nikiona zile mbaazi naziweka kando kwanza, nauza viazi mpaka saa nne, ndo nakula.