Naomba ushauri: mdogo wangu anataka kuacha warfarini ahamie dawa mpya

BintiMufindi
Habari za jioni wakuu. Mdogo wangu wa kike ana miaka 29. Valvu moja ya moyo iliharibiwa na homa ya rumatiki, ile inayoanzia kwenye mafindofindo utotoni, na mapigo yake yamevurugika. Anameza warfarini damu isigande moyoni. Tabu ni kipimo cha INR, kile cha kuona damu inachukua muda gani kuganda: hapa wilayani vitendanishi huisha, inabidi apande basi hadi mkoani. Sasa muuza dawa kamwambia kuna rivaroksabani, ya kisasa, haina mambo ya kupima. Ameshaulizia na bei. Mimi roho inasita.

Kihesa_Juu
Asiache dawa bila daktari. Kabisa.

TabibuNyanda
Dada, afadhali umeuliza mapema. Kwa mtu ambaye mapigo yamevurugika ila valvu ziko salama, dawa hizo mpya ni nzuri, na pengine muuza dawa alisikia habari hiyo. Valvu iliyobana kwa rumatiki ni habari nyingine. Utafiti wa INVICTUS, uliotoa matokeo 2022, ulifuatilia wagonjwa wa aina hii zaidi ya 4,500 katika nchi 24 za Afrika, Asia na Amerika ya Kilatini, wengi wao wanawake. Waliopewa rivaroksabani, 560 kati ya 2,275 walipata kiharusi, shambulio la moyo, damu kuganda kwenye mishipa mingine, au walifariki. Upande wa warfarini na dawa za jamii yake walikuwa 446 kati ya 2,256. Tofauti ilionekana zaidi kwenye vifo, na kutokwa damu hakukuzidi kwa wa warfarini. Tena INR za watu hao hazikuwa ndani ya kiwango muda wote, kwa hiyo asikate tamaa kwa kuwa yake inapanda na kushuka.

Mwl_Mstaafu
Mimi nina valvu ya chuma, warfarini ni ya maisha. Nina daftari: tarehe, INR, dozi. Mchicha na kisamvu nakula, ila kiasi kilekile kila wiki. Kuna msiba tulikula kisamvu wiki nzima, INR ikaporomoka. Na diklofenaki, ile dawa ya maumivu ya dukani, asiiguse, inaweza kumtoa damu tumboni.

BintiMufindi
Asanteni sana. Mwalimu, daftari namnunulia kesho. Tabibu, kuna jambo sikulisema: ameshatolewa mahari, harusi ni Desemba.

TabibuNyanda
Hongereni. Basi amwone daktari wa moyo kabla ya harusi. Warfarini inaweza kumdhuru mtoto tumboni, hasa miezi mitatu ya mwanzo, na valvu iliyobana huelemewa mimba inapokua. Apewe uzazi wa mpango kwanza, valvu ipimwe, ndipo wapange lini ashike mimba na atumie dawa gani. Mchumba aende naye. Waulize pia kama kuna kituo cha karibu chenye mashine ya INR ya kutoboa kidole.

BintiMufindi
Kliniki yake ni Jumanne. Tutakwenda wote watatu.